Bibi wa Filamu Aliyekufa Mara Nne

Dada yangu Zuhura,

Mara nyingi nimeianza barua hii nikaishia kwenye jina lako. Leo nitaiandika mpaka mwisho, na nimeamua iwe ya wazi, asomewe yeyote anayetaka kusikia. Sababu nitaieleza huko chini. Kwanza niruhusu nianzie pale tulipokuwa tunacheka, maana ndipo ninapopata nguvu ya kuendelea.

Unaikumbuka sebule ya ghorofa ya ishirini na tatu, kule Al Jaddaf, Dubai? Zulia jeupe tulilokatazwa kulikanyaga na ndala, kochi refu tulilokatazwa kulikalia, na runinga pana kama kitanda. Saa kumi alasiri Paloma, binti wa madam wetu, alikuwa ameshatoka shule. Miaka sita, mkaidi, hali chakula mpaka filamu yake iwekwe. Filamu moja, ile ile, kila siku ya Mungu. Mimi yaya wake nilikaa chini na kijiko mkononi. Wewe mpishi ulisimama nyuma ya kochi na taulo la vyombo begani, ukijifanya unasubiri sahani.

Siku ya kwanza uliniuliza, "Hawa wasema lugha gani, mbona kama wagombana?"

Nikakwambia ni Kihispania, lugha ya madam na mtoto.

"Na huyu msichana?"

Nikakwambia ndiye yule aliyechorwa kwenye begi la shule la Paloma. Ni mwimbaji, bado msichana mdogo, na huko kwao madam nyimbo zake zinapigwa kila mahali. Sasa wamemtia kwenye filamu ya kuchekesha. Ukamtazama vizuri, ukasema, "Huyu ni Mwajuma. Afanana na binamu yangu Mwajuma, mpaka hilo pengo la meno." Basi jina lake kwetu likawa Mwajuma. Hata Paloma baadaye akawa anamwita hivyo, na madam hakuelewa mtoto kalitoa wapi.

Wewe ulikuwa huelewi neno hata moja, mimi nilikuwa naelewa mawili matatu, na yaliyobaki nilikuwa nayatunga. Nilikutafsiria filamu nzima kwa Kiswahili cha Korogwe. Mwajuma amechoka kuimba, meneja wake hampi nafasi ya kupumua, leo jukwaa hili, kesho lile. Anatoroka kwenda mji mdogo wenye gulio, anavaa miwani ya mtu mwingine, anapata kazi kwenye duka la mikate, anampenda mwoka mikate. Meneja, yule mnene mwenye masharubu, kila akimpata kwenye simu, Mwajuma anajifanya analia: "¡Se murió mi abuela!" Bibi yangu amekufa! Meneja naye mwepesi wa machozi, analia naye, anamwachia siku tatu. Siku tatu zikiisha, bibi anakufa tena. Mara ya tatu meneja anahesabu kwa vidole: mama wa mama, mama wa baba, huyu wa tatu katoka wapi? Mara ya nne amefunga safari mpaka dukani kumpa pole mwenyewe, na palepale bibi halisi anaingia na kikapu chake, mzima kabisa, anauliza mikate ya leo imetoka? Meneja anaanguka kwenye pipa la unga.

Ulicheka pale mpaka ukakaa chini, dada. Ulikaa kwenye zulia jeupe na aproni yako yenye mafuta. Baadaye tulilisugua lile doa kwa siki.

Naandika haya kama kwamba tulikuwa na maisha ya raha. Hatukuwa nayo, na wewe unajua. Mlango wa nyumba ile ulifunguliwa kwa kadi, lifti nayo kwa kadi, na kadi zote mbili zilikaa kwenye mkoba wa madam. Akitoka, sisi tumebaki ndani. Pasipoti zetu zilikuwa kwenye droo ya ofisi ya sir, na sir, ambaye ndiye kafeel wetu, yaani mdhamini wa visa zetu, alikuwa safarini wiki tatu katika kila mwezi. Simu zetu alizishika madam, tukapewa Ijumaa mchana kwa saa mbili. Tulilala chumba cha kufulia, kitanda cha juu na cha chini, mashine ya kufua kichwani petu, hakuna dirisha. Dirisha la jikoni lilifunguka upana wa kiganja tu, na kutoka pale tulisikia nyundo za mafundi wanaotengeneza majahazi ya mbao kule chini kando ya hori. Ulipenda kupitisha mkono wako nje. Nilikuuliza unafanya nini, ukanijibu, "Wacha kiungo kimoja kitembee."

Mkataba wetu ulikuwa wa miaka miwili. Wako uliisha, wangu ukaisha, na kila tulipouliza habari ya kwenda nyumbani, madam alisema, "Next month, inshallah." Mtu aliyekuwa hajui Kiarabu cha kuombea maji, lakini neno hilo alilishika. Ulisema kwamba kwa madam, inshallah ni hapana iliyovaa kilemba.

Tulitoka pamoja mara moja tu katika miaka yote ile, alipotupeleka Bur Dubai kubeba vitambaa vya mapazia. Wakati anabishana na muuza duka, wewe ulinunua kitambaa cha dera cha mama yako, cha zambarau chenye maua meupe madogo. Ulikikunja ukakitia ndani ya nguo yako kama mwizi, na hukuwa umeiba kitu.

Kihispania nacho kiliniingia polepole, bila kukikaribisha. Filamu mara moja kwa siku, miezi ishirini na zaidi, na Paloma akinisemesha tukicheza mchezo wake wa mapishi na wanasesere. Siku moja nilijikuta naelewa madam anachosema kwenye simu. Alikuwa anamsengenya wifi yake, kwamba ana miguu ya bata na anavaa viatu vya wazi. Nilikimbia jikoni kukwambia. Ulijifunika uso kwa taulo ukicheka, kisha ukalishusha, ukanishika mkono.

"Madam ajua kuwa wasikia?"

"Hajui."

"Basi asijue. Eliza, mdogo wangu, hebu nisikize. Huyu asema mbele yetu kana kwamba ni mbele ya viti. Wacha tuwe viti."

Nikawa kiti. Ndipo balaa langu lilipoanzia.

Ulikuwa mwezi ule mama yake madam alipokuja kumtembelea, yule mzee tuliyekuwa tunamwita Abuela kama Paloma anavyomwita, yaani bibi. Mara yake ya kwanza kuja. Wageni kila siku, meza kila siku, na wewe jikoni tangu alfajiri mpaka miguu imevimba. Abuela alipenda mahamri yako. Alikuwa anakuja jikoni mwenyewe, anavuta stuli, anakula mawili kwa chai ya rangi na kukupigapiga mgongoni. Hamkuwa na lugha moja hata kidogo, lakini mlielewana.

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nafuta kioo cha meza ya sebuleni. Wewe ulikuwa jikoni unasaga nazi, mashine inanguruma. Madam alikaa kwenye kochi, miguu juu, anaongea na dada yake kwa simu. Nikamsikia anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya: "A la cocinera se le murió la mamá."

Cocinera ni mpishi. Nililijua neno hilo kwa wanasesere wa Paloma. Na yale mengine, dada, niliyajua kwa Mwajuma: mpishi amefiwa na mama yake.

Aliendelea. Nikasikia kwamba kaka yako amempigia asubuhi ile. Nikasikia kwamba Abuela asiambiwe, maana atafanya fujo. Nikasikia, "Cuando mamá se vaya, le digo." Mama akishaondoka, nitamwambia. Na mama yake alikuwa amebakiza wiki tatu.

Nilifuta kioo kile mpaka nikakipaka ukungu kwa pumzi yangu. Nikajiambia nikimaliza meza nakwenda jikoni. Nikamaliza meza nikaanza rafu. Nikamaliza rafu nikaanza majani ya lile ua la plastiki, moja moja.

Sasa nitakueleza kwa nini sikuja, na sikuelezi ili unisamehe. Jumapili iliyotangulia madam aliniita akaniambia likizo yangu imekubaliwa, mwezi ujao tarehe kumi na mbili, na safari hii hakusema inshallah. Mwanangu Furaha nilimwacha ana miaka miwili. Ijumaa ile kwenye simu alikuwa ana miaka mitano, na nilimsikia akimwuliza mama yangu, "Huyu anayelia ni nani?" Niliposikia habari ya msiba wako nilipiga hesabu ya haraka na ya aibu. Nikikwambia, utadai kuondoka. Madam atauliza nani amesema. Atajua ninaelewa. Yeye abaki bila mpishi na mgeni yupo, halafu amruhusu yaya naye aende? Mlango uliokuwa umefunguka upana wa kiganja ungefungwa.

Basi nikanyamaza. Nikasema mpaka kesho.

Ukafika kesho. Mchana ule, mgeni amelala, ulitoa kile kitambaa cha zambarau, umekwishakishona kwa mkono, ukaniita chumba cha kufulia. "Simama hapa. Mamangu ni mwembamba kama wewe, nataka nimpimie." Nikasimama. Ulinivalisha dera la mama yako huku nimekwishajua kwamba yuko ardhini. Ulipiga magoti ukawa unabana upindo kwa pini, unaongea na pini mdomoni, unanieleza jinsi anavyopenda dera lifike chini kabisa, lifagie, maana miguu yake ina makovu ya kuungua na hapendi yaonekane. Ukaniambia, "Usitetemeke, utadungwa." Niliogopa nikifungua mdomo yatatoka yote, nikaufunga.

Ijumaa madam alikupa simu akasema laini za kwenu zina tatizo. Ulipiga mara nyingi, haikuita. Nadhani alikuwa amefanya kitu kwenye simu ile, sina hakika. Ulirudi chumbani ukasema, "Kesho watarekebisha." Ukaendelea na upindo.

Siku zote hizo filamu ilikuwa inawekwa saa kumi. Nilikutafsiria kama kawaida, kwa sababu ningeacha ungeniuliza kuna nini. Kila bibi alipokufa ulicheka, na mimi nilicheka nawe. Nimeshafanya mambo ya kujutia maishani mwangu, dada, lakini kicheko kile ndicho kinachonirudia nikiwa nimesimama tu, natandika kitanda cha mtu.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Paloma alikuwa anakula tambi. Abuela alikuwa chumbani mwake na mlango wazi. Madam alikuwa kwenye meza ya kulia anapanga maua. Mwajuma akashika simu, akakunja uso, akaanza kulia kilio chake cha uongo. Ulikuwa nyuma ya kochi, ukasema, "Mamangu angeiona hii angecheka mpaka akohoe. Nikirudi n'tamhadithia yote, huyu Mwajuma, na bibi, na yule mnene. Haya, tafsiri, asemaje leo?"

Nikasema, "Dada, mama amefariki."

Ukacheka. Ukasema, "Si mama, ni bibi! Kafa tena, hii ni ya tatu."

Nikasema, "Si huyo wa filamu. Mama yako, Zuhura. Mama yako amefariki."

Nilitegemea upige ukunga. Hukupiga. Ulilitoa taulo begani ukalikunja mara mbili, ukaliweka juu ya kochi, ukaniuliza, "Lini?"

Hapo, dada. Hapo ndipo kuna jambo unalolijua vibaya. Nilikujibu, "Nimesikia leo asubuhi. Madam alikuwa anaongea na dada yake."

Ulinikumbatia. Kisha ukamwendea madam pale kwenye maua, ukamwuliza kwa Kiingereza, kwa upole kuliko ambavyo mtu yeyote angeweza, "Madam, my mother is dead?" Akageuka mwekundu. Akasema hapana, nani kasema, hakuna aliyepiga, labda umechoka, nenda kapumzike. Ukamwomba simu yako. Akasema ni Alhamisi. Ukaenda kwenye mlango mkubwa wa nyumba, ukajaribu kitasa ambacho sote tulijua hakifunguki bila kadi, halafu ukakaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu imenyooka mbele.

Abuela akatoka chumbani kwa ile vurugu. Akauliza kuna nini. Madam akamjibu kwa Kihispania kwamba mpishi anaumwa tumbo.

Sijui nguvu ile niliipata wapi, na sitaki kuisifu, maana ilichelewa siku tisa. Nilisimama na kijiko cha Paloma mkononi. Nikasema, "Abuela, no está enferma. Se murió su mamá. La señora sabe." Haumwi. Mama yake amekufa. Madam anajua.

Kihispania cha kutajia kifo sikuwa nacho kingine isipokuwa kile cha Mwajuma. Kwa hiyo nililisema neno lile kama anavyolisema yeye, kwa sauti yake ile ya kuvuta, ya kujiliza, kwa sababu nilijifunza kulitamka kwake. Paloma akacheka. Mtoto masikini alidhani naigiza, akapiga makofi, akasema, "¡Otra vez!" yaani tena. Kicheko chake kikabaki peke yake sebuleni.

Abuela hakucheka. Alimtazama binti yake, akamwuliza kama ni kweli. Madam akaanza kueleza kwa haraka, mambo ya wageni, mambo ya visa, na mimi nikawa naelewa nusu. Mzee hakungoja amalize. Alikuja mpaka mlangoni, akashika ukuta, akashuka taratibu na magoti yake mabovu, goti moja kwanza, kisha la pili, akakaa chini kando yako kwenye vigae. Akakuvuta kichwa akakilaza begani kwake. Ndipo ulipolia. Na yeye akawa analia, na bila kumtazama binti yake akasema, "Dale el pasaporte. Hoy." Mpe pasipoti yake. Leo.

Hakuondoka pale chini mpaka ilipoletwa.

Madam alimpigia sir huko aliko, sir akasema mpeni tiketi aende, khalas, yamekwisha. Sitaki kumfanya madam shetani katika barua hii. Hakuwahi kutupiga. Usiku wa kuamkia safari yako alikukatia mwenyewe keki ya kubeba. Nadhani alituona watu pale tu alipotuhitaji tuwe watu, na muda mwingine alitusahau kama mtu anavyosahau taa.

Kesho yake, Ijumaa saa nane mchana, dereva alikuja kukuchukua. Nilikubebea begi mpaka kwenye lifti. Zaidi ya pale nisingeweza. Ulinishika uso kwa mikono miwili ukaniambia, "Angekuwa mtu mwingine angenificha. Wewe hukunificha. N'takuombea kila sala mpaka nife." Nilitaka kukwambia palepale. Haki ya Mungu nilifungua mdomo. Lakini dereva akasema, "Yalla, yalla," yaani twende, na mlango ukafungwa ukiwa bado unanitazama. Nilisimama pale nikitazama namba zikishuka, ishirini na mbili, ishirini na moja, na hata ningetaka kukufuata nisingeweza, sina kadi.

Baada ya hapo nikabaki peke yangu. Filamu iliondolewa, sijui waliitupa au waliificha. Madam alianza kusemea simu zake kwenye roshani na mlango umefungwa. Paloma akakatazwa kunisemesha Kihispania. Akawa ananiongelesha Kiingereza cha shuleni, kwa adabu, kama mgeni. Abuela kabla hajaondoka alimwapisha binti yake kwamba na mimi niende nyumbani. Binti akaapa. Mzee alipopanda ndege ikawa tena next month, inshallah. Tarehe kumi na mbili ilipita nikipiga pasi mashuka. Nilikaa mwaka mmoja na miezi miwili zaidi katika nyumba ile, chumba kile kile, kitanda chako juu yangu kikiwa hakina godoro.

Nilipoteza vyote viwili, dada. Nilikuuza siku tisa, na bei yenyewe sikulipwa.

Ulikuwa unanitumia ujumbe wa sauti, na madam aliponipa simu nilikuta mingi imejipanga. Ulinieleza jinsi ulivyofika ukakuta hitima ya siku saba imekwishasomwa. Ulinieleza kwamba dera ulimpa shangazi yako. Kila ujumbe ulimalizia kwa dua, na kila dua ilikuwa na jina langu. Nilijibu kwa maneno machache, kisha kwa machache zaidi. Niliponunua laini mpya sikukutumia namba. Ulidhani nimepatwa na nini? Sijapatwa na kitu. Nilikukimbia.

Kazi ya sir ikaisha, wakahama nchi, na siku ya kuhama madam akanipa pasipoti yangu ndani ya mfuko wa duka, bila neno. Sasa niko Al Rigga, nafanya usafi wa vyumba katika hoteli ya kati, si kubwa si ndogo. Natoka ninapotaka. Pasipoti nalala nayo chini ya mto, tabia ya kipuuzi. Nimekwenda Korogwe mara mbili. Furaha sasa ananiita mama, ingawa kila akiniita bado anamtazama bibi yake kwanza, kama anaomba ruhusa. Kutoka Korogwe kuja kwenu Malindi si safari ya kutisha. Mara zote mbili nilifika Tanga mjini, nikakaa stendi nikayatazama mabasi ya kwenda Mombasa, nikarudi.

Watu hapa wananiuliza kwa nini siku za mapumziko sitoki. Wenzangu wa chumbani, mmoja Mganda, mmoja Mtanzania wa Mwanza, wanakwenda kutembea, mimi nakaa. Sijui nitawaelezaje. Zamani nilijua kilichonifunga, kilikuwa kwenye mkoba wa madam. Sasa hakuna anayenishika na bado sijatoka.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani nanunua sabuni nikasikia mama mmoja anabishana bei kwa lafudhi yako. Nikamsalimia. Ni mfanyabiashara, anakuja kuchukua nguo, mtu wa mtaani kwenu. Nilipomtajia jina langu alishika kifua. "Eliza wa Zuhura?" Akaita wenzake wawili waje wanione. Akaniambia kwamba kila mwaka kwenye hitima ya mama yako, watu wakishakula, huwa unasimulia habari zangu. Kwamba kule Arabuni kulikuwa na msichana Mkristo wa bara ambaye alisikia habari ya mama yako na hakukuficha hata siku moja. Hata siku moja, alisema. Akaniambia mashangazi zako wananijua, watoto wananijua, kuna bibi mmoja huniombea kwa jina. Alinilipia sabuni yangu. Nilimwacha alipe.

Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Ningekuandikia kwa siri, ungenihurumia kwa siri, na mwakani mashangazi wangesikia tena sifa zisizo zangu. Nimempa mama huyu aje nayo bila kuifunga. Nimemwambia asome njiani akitaka, awasomee na wenzake. Nakuomba uisome mbele ya wale wale waliosikia ile nyingine. Waambie ilikuwa Jumanne, si Alhamisi. Waambie Eliza alijua, akavalishwa dera, akanyamaza, kwa sababu alitaka kwenda kumwona mtoto wake. Yule bibi anayeniombea, mwambie na yeye. Akitaka kuendelea, aendelee akijua anamwombea nani.

Pole ya msiba sikukupa sawasawa, maana siku ile niliichanganya na uongo. Nakupa leo, ikiwa imechelewa miaka. Pole, dada Zuhura. Mama yako simjui kwa sura, lakini najua urefu wake, na najua alikuwa akicheka anakohoa. Mungu amlaze pema.

Namba yangu nimeiandika chini kabisa ya karatasi, na mwezi ujao nina likizo. Sitakuja kukuvamia. Sitapanda basi la Mombasa mpaka nisikie kwako, na ukisema nisije, sitakuja, wala sitauliza kwa nini. Ila usininyamazie kwa huruma, dada. Ukiwa na hasira, nipigie nazo hivyo hivyo, saa yoyote. Simu sasa ninayo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako wa chumba cha kufulia,

Eliza